Kuku wa Kuanzia Boma

"Fungua," Mutheu akamwambia kuku, na kuku hakufungua.

Akambana kwapani, akaupanua mdomo wake kwa ukucha wa kidole gumba, akasukuma uji kwa bomba la sindano. Nusu iliingia. Nusu nyingine ilirudi na ute wa kijani, ikateremka hadi kwenye kiwiko cha blauzi ya kazini. Shingo ya kuku ilikuwa imejipinda hata kisogo kikalalia mgongo, jicho moja likitazama dari. Kisha, kama kila asubuhi, akamwachia kinyesi mapajani.

"Mchafu wewe," Mutheu akasema, akaenda kubadilisha nguo.

Hakuwa mtu wa kuku. Alikuwa na diploma ya ununuzi na ugavi, kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, na jiko la vigae vyeupe alivyovichagua mwenyewe. Sasa jiko hilo lilinuka uozo na dawa ya kuoshea choo. Kuku alilala ndani ya beseni la kufulia, amezungushiwa matambara ili asibiringike. Akibiringika alienda kinyumenyume, miguu juu, mpaka ajipake chote alichotoa. Mara mbili kwa siku Mutheu alimwosha matako kwa maji ya uvuguvugu, pumzi ameibana.

Angekuwa kuku mwingine angekuwa shimoni zamani. Lakini huyu alitoka kwa mama mkwe.

Kwa miaka sita Kamanthe, mamake mumewe, aliishi ng'ambo ya korongo, mwendo wa dakika kumi, na hakuwahi kukanyaga kwa Mutheu. "Boma bila kuku ni hosteli," aliwaambia wanawake wa kanisani, na maneno yakafika. Kisha jioni moja akatokea na kikapu, akatoa mtetea wa kahawia, akampa mkononi. Kuku wa kuanzia boma hachinjwi wala hauzwi. Hutaga, akaatamia, na kifaranga wa kwanza hurudishwa kwa aliyemtoa.

"Mfunge mguu wiki nzima," Kamanthe alisema. "Mpaka azoee."

Mutheu alimfunga kwa kamba ya kijani usiku mmoja. Asubuhi alikuta kinyesi mlangoni, akaikata kamba pale kwenye kigingi ili kuku akachafue mbali. Kesho yake jioni alimkuta chini ya ua unaopakana na jirani, katikati ya sukuma wiki, manyoya ya kahawia yamechakaa, kamba imeshamtoka mguuni, shingo imegeuka nyuma.

"Ni mishipa ya fahamu," alisema muuza dawa za mifugo. "Ugonjwa wa kideri ukipita huacha hivyo. Ubongo unamwambia juu ni chini. Mpe vitamini, umlishe kwa mkono. Anaweza kupona, ukiwa na moyo wa kungoja."

"Sina moyo," Mutheu akasema. "Nipe vitamini."

Bartholomew, jirani ambaye uani kwake kulikuwa kukinuka manyoya ya kuchomwa wiki nzima, aliegemea ua akimtazama.

"Jirani, bado unamwosha?"

"Namwosha."

"Huyo mimi ningemtupa tu."

"Wewe ulitupa wangapi?"

Bartholomew akacheka kidogo, akakumbuka kazi aliyoiacha ndani.

Kila Alhamisi simu ililia.

"Kuku wangu anaendeleaje?" Kamanthe akauliza.

"Ako sawa, mwaitu." Mutheu alimwita mama kwa Kikamba, kama mkamwana mwenye adabu. Ute ulikuwa ukimkaukia mkononi.

"Ametaga?"

Mutheu akatazama beseni. Miaka sita. "Ametaga. Matatu."

Ndani ya simu, huko kwa Kamanthe, kuku alikuwa akipiga ile kelele ya kuku aliyetoka kutaga.

"Matatu," Kamanthe akasema. "Haya."

Alhamisi ya pili yakawa saba. Ya tatu yakawa kumi na moja, na Kamanthe akasema Jumapili, misa ikiisha, atapita ajionee.

Mutheu aliikanda ile shingo kwa mafuta ya kupikia siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni, akichagua viroboto kwa kibanio cha nyusi. Jumapili kulipokucha, kuku alisimama. Kichwa kilikaa upande, kama cha mtu anayesikiliza mlangoni, lakini alisimama. Mutheu alijikuta amefurahi, akachukizwa na furaha yenyewe. Akaenda sokoni, akanunua mayai kumi na moja ya kienyeji, akayapanga kwenye bakuli mezani.

Kamanthe aliingia na kikapu kilichofunikwa leso. Akasimama katikati ya jiko, akanusa.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Ni ya kuku wako, mwaitu. Aliugua kidogo, akapona. Mayai ndiyo yale."

Akamtoa kuku kwenye beseni, akamweka sakafuni. Kuku akapiga hatua tatu zilizonyooka, ya nne ikamshinda. Akaanguka juu ya kiatu cha kanisani cha Kamanthe, akakiharishia.

Kamanthe hakuruka. Alikipangusa kiatu kwa kitambara kimoja cha beseni, taratibu, kisha akayatazama mayai, kisha akamtazama kuku.

"Huyu ni wa nani?"

Akaondoa leso. Ndani ya kikapu mtetea wa kahawia, mnene, aliinua kichwa. Mguuni alikuwa na kipande cha kamba ya kijani.

"Wako alirudi kwangu siku ile ile uliyomfungua," Kamanthe akasema. "Nikakaa nikingoja uniambie amepotea."