Taa Inayosikiliza

Kila nyumba ilikuwa na taa ukutani inayosikiliza. Jina la Mungu likitajwa mno, iligeuka nyekundu na askari wakabisha hodi. Kwa Bi Mwanakheri iliwaka kijani mwezi mzima, ndipo afisa akaja kumpongeza.

"Mwanao Mbarak ameacha itikadi kali, mama."

"Itikadi gani, bwana mdogo? Kila mlipomnyima kitambulisho alirudi akasema, 'Namwachia Mungu.' Taa ikawaambia huyu ni hatari! Anayemwachia Mungu, mikono yake ameiweka chini. Safari hii mlimfukuza kama mbwa, akarudi, hakusema kitu."

Afisa alichungulia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakikulaliwa.

"Kwani yuko wapi?"

"Iulize taa yako."