Mhanga na Ukuta wa Bwawa

Katika nchi ya Mfalme Nyati, Mhanga, yule mnyama mchimbaji, alianza kama mhandisi wa mashimo, akapanda cheo hadi kuongoza Maabara ya Taifa.

Mwaka mmoja Nyati alijenga bwawa, akataka lijazwe maji upesi. Mhanga akaupima ukuta, akasema, "Mtukufu, una ufa kwa ndani. Tuurekebishe kwanza."

Mbweha, waziri wa sayansi, akadakia, "Huyu anachelewesha maendeleo! Ukuta ni imara kama mwamba."

Nyati akakasirika. "Mhanga, kuanzia leo huna kazi. Maabara nampa Mbweha."

Mhanga aliumia moyoni, lakini akainama kwa heshima. "Nimesikia, Mtukufu. Hongera, ndugu Mbweha. Basi wahamishie watoto wako bondeni leo. Mkuu wa maabara huishi na familia yake huko, chini ya ukuta aliouidhinisha. Mimi nimeishi hivyo kwa kila ukuta nilioupitisha."

Mbweha akamgeukia Nyati. "Mtukufu," akasema polepole, "pengine tuurekebishe kwanza."

Nyati akaamuru ukuta urekebishwe. Kisha akamrudisha Mhanga kazini, na Mbweha akahamishiwa wizara ya ngoma, ambako maneno matamu hayazamishi mtu.