Pantoni ya Tengeru

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, pantoni ilikuwa tayari kuondoka nyuma ya banda la ng'ombe, Tengeru.

King'ora kilikuwa kipande cha bomba la maji mikononi mwa Brian, binamu yake Gadiel. Shangazi Elinami alisimama kando na sinia la karanga. Sabina, bibi harusi mwenyewe, rola kichwani na kanga kifuani, alikuwa ameinamia beseni la maji ili atoe mawimbi.

"Kaka, ukifukuzwa kazi siku ya harusi yangu, sitajisamehe," alimwambia Gadiel.

Gadiel aliishi Kigamboni na kufanya kazi ng'ambo, Posta, Dar es Salaam, akivuka bahari kwa pantoni kila asubuhi. Bosi wake, Madam Agnela, alikuwa amekataa katakata kumpa ruhusa mwaka mzima. Posa ya dada yake alihadithiwa. Mahari alihadithiwa. Vikao vyote alituma mchango tu. Lakini harusi nayo ahadithiwe? Hapana! Jana yake alitoroka, akapanda basi la Arusha hadi kwao Tengeru.

Tatizo lilikuwa moja. Kila siku ya kazi, Jumamosi ikiwemo, saa mbili kamili, Madam aliwapigia watu wa Kigamboni mmoja mmoja kujua wamefika wapi. Na mkataba wa Gadiel ulikuwa umebakiza wiki mbili.

Simu ikaita. Gadiel akawapa ishara.

Brian akapuliza mpaka macho yakamtoka. Beseni likachafuka. "Karanga za moto, karangaa!" akanadi Shangazi Elinami, mzee wa kanisa, bila aibu yoyote.

"Shikamoo Madam. Niko kwenye pantoni, ndiyo tunaondoka."

"Marahaba. Usichelewe, Gadiel. Leo sitaki visingizio."

Wakati huohuo geti la mbele likafunguliwa. Wakwe kutoka Moshi, waliokuwa wamezuiwa nje nusu saa nzima wakiimba na kubembeleza wapewe mwari wao, wakaingia kwa vigelegele. Gadiel akaziba simu kwa kiganja, jasho likimtoka.

"Ngoja nisogee pembeni," alisema Madam. "Hapa nilipo kuna kelele."

Gadiel akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kelele za huko zilikuwa zimefunika za huku.

Ndipo ng'ombe akalia.

"Nini hicho?"

"Ng'ombe, Madam. Kuna lori la mnadani linavuka."

"Nimemsikia," alisema Madam taratibu. "Nimemsikia mara mbili."

"Ni mtandao, Madam. Juu ya maji unarudiarudia sauti."

Sabina aliacha kutikisa beseni.

"Gadiel, hata mimi nimo humu humu kwenye pantoni. Hebu nyoosha mkono nikuone."

Kilomita mia sita na ushee zilimtenganisha na pantoni yoyote ya maana. Lakini bosi ameamuru, na mkataba ni wiki mbili. Gadiel akanyoosha mkono juu, akasimama kwa vidole vya miguu ili uonekane vizuri.

"Nimekuona."

Safari hii sauti haikutoka kwenye simu. Ilitoka kwenye kona ya banda, ambako shangazi wa bwana harusi, kilemba cha sare kikiwa kimemwendea upande, alikuwa amejibanza kukwepa vigelegele, simu sikioni.

"Shusha mkono, mkwe."