Mvi Kwenye Bomba la Bafu

Kila nyumba iliruhusiwa watu wanne tu, na kihesabio kilichofungwa kwenye bomba la maji machafu ndicho kilichowahesabu kwa uchafu wa miili yao. Wa tano akigundulika, gari la serikali lilimfuata, naye hakurudi. Mejumaa alimwingiza mama yake, mtu wa tano, kwa siri, akamwekea beseni aogee chumbani. Bi mkubwa akasema yeye si mtoto mchanga, akaenda zake bafuni, na siku hiyohiyo bafu likaziba.

Fundi Nyondo alichokoa bomba kwa waya, akavuta bumba la nywele nyeupe.

“Mvi za nani hizi, shemeji?”

“Za mume wangu.”

“Yule mwenye upara?”

Chumbani mtu akakohoa. Fundi akalirudisha bumba lile bombani, akalishindilia.

“Maji hayajafika kwenye kihesabio. Nikizibua, yatafika. Wewe chota kwa ndoo, ukamwage uani.”

Ndipo Mejumaa alipomkumbuka jirani yake Bi Shumbana, aliyekuwa akimwaga ndoo uani miezi miwili mizima. Yeye na shoga yake Shamsa walimcheka kila baraza, wakamwita mchafu, hadi mtaa wote ukajua. Baadaye gari likaja, likamchukua kaka yake Bi Shumbana. Mejumaa hakuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Asubuhi alitoka na ndoo yake. Shamsa alikuwa ameegemea ukuta wa uani, mswaki mdomoni.

“Bafu limeziba, shoga?” akauliza, kwa utamu uleule wa barazani.