Kitabu cha Ishirini na Saba

Mwalimu wa hesabu alikitupa kitabu cha ishirini na saba kwenye kiti kitupu cha kunyolea, akamwambia kinyozi akikate kichwa.

Kinyozi hakucheka. Naye alikuwa amekisoma mara mbili, mara ya pili ili kuhakikisha kwamba hasira ya kwanza ilikuwa ya haki. Kwa miaka kumi na tisa yeye, mwalimu na nesi wa zahanati walikuwa wakikutana hapo saluni kila Jumamosi kusoma *Mpiga Kengele*, manga ya Kijapani, hadithi ya picha ambayo kinyozi aliiagiza kwa posta, kitabu baada ya kitabu. Kuna watu wameoana, wakazaa na kuachana kwa muda mfupi kuliko huo.

"Mwisho huu umeviua vyote," alisema mwalimu. "Sasa hata cha kwanza siwezi kukirudia. Naona aibu."

Nesi alisema yeye amelia. Mwalimu akamkumbusha kwamba yeye hulia hata kwa tangazo la sabuni.

Basi mashtaka yakasomwa. Jicho Moja, adui aliyemwinda Mpiga Kengele tangu ukurasa wa kwanza kwa kuwa alimpokonya mchumba, sasa anapiga magoti kuulilia mlima. Mlima gani? Ni kweli ulichorwa nyuma ya kila picha, lakini kwa miaka yote hiyo hakuna mhusika hata mmoja aliyewahi kuutaja. Ghafla ni mlima mtakatifu. Na yule mama mkwe mnene, mwenye mdomo usio na breki, ambaye vijembe vyake mtaa mzima unavijua kwa moyo, eti ni mwalimu wa upanga. Kitabu kizima hana tusi hata moja. Anazungumzia ukungu.

"Mwandishi amewasahau watu wake mwenyewe," alisema kinyozi. "Au labda..." Akatupa jicho dirishani.

Dirishani, kwenye kiti chenye mto, alikaa shangazi yake. Yeye ndiye aliyevitafsiri vitabu vyote. Ujanani alipiga pasi miaka saba nyumbani kwa wahandisi wa Kijapani, kwa hiyo kinyozi alipopokea kitabu cha kwanza, nani mwingine angepewa? Aliandika Kiswahili kwenye vipande vya karatasi, akavibandika juu ya maneno ya wenyewe. Wiki mbili kila kitabu, hakosi. Cha mwisho tu ndicho kilichomchukua miezi minane, na kila mtu alijua kwamba mwaka huo Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho. Hakuna aliyelisema. Wote walikuwa wamelifikiria.

Mwalimu ndiye aliyelisema, tena kwa mzunguko mrefu: kwamba Shangazi anaheshimika, kwamba umri ni umri, kwamba pengine mstari mmoja au miwili imerukwa. Juu ya kaunta palikuwa na boksi lililofika juzi, vitabu kumi na viwili vipya vya mwandishi yuleyule. Ikionekana Shangazi ameharibu, boksi lingepewa mtu mwingine, na kiti cha dirishani kingelifuata. Huyo mtu mwingine alikuwa ameshaletwa, yupo mbele ya kioo anakunywa soda: binti wa dada yake mwalimu, aliyerudi mwezi uliopita baada ya kusoma miaka sita hukohuko Japani.

Shangazi alivua miwani yake mipya, aliyopewa baada ya upasuaji, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Mnataka kunipima."

"Si kukupima, Shangazi," alisema kinyozi. "Ni kuondoa shaka tu."

"Haya. Hata mimi nilikuwa naondoa shaka ulipokuwa ukiniambia umeoga."

Binti, kama msomi yeyote, alitaka kuanza mwanzo. Akachomoa kitabu cha kwanza rafuni, akajaribu kufunua kipande cha karatasi. Kiligoma. Kilikuwa kimegandishwa pande zote nne kwa gundi ya viatu.

"Kinacholalamikiwa ni cha ishirini na saba," alisema Shangazi taratibu. "Shika chenye kesi, mwanangu."

Katika hicho, vipande vilishikwa kwa ncha moja tu, vikifunuka kama kope. Binti akawa anafunua, anasoma, anafunika. Kinyozi alizima mashine. Mteja mwenye ndevu za upande mmoja akaambiwa asubiri haki itendeke, naye akasubiri saa nzima.

"Neno kwa neno," binti alisema mwishowe. "Pale chuoni sikuona tafsiri safi kama hii. Hata ukungu ameupatia."

Watu wazima watatu wakakosa pa kuweka mikono. Mwalimu akainama mbele ya kile kiti cha dirishani, akaomba radhi kwa sauti ambayo wanafunzi wake hawajawahi kuisikia. Kinyozi akakimbilia kuchemsha chai. Nesi akalia, kama kawaida yake. Lawama zote zikahamia kwa mwandishi: mtu alikuwa fundi kwa vitabu ishirini na sita, halafu akaishiwa. Cha mwisho kikatolewa mikononi mwa binti, kikawekwa chini ya mguu wa benchi linaloyumba, na hapo angalau kikafaa kitu. Boksi jipya likapitishwa bila kupingwa kuwa la Shangazi, mpaka achoke mwenyewe.

Binti alimbebea boksi hadi mlangoni. Hapo akamuuliza, kwa heshima ya fundi kwa fundi, kwa nini kazi nzuri kama ile ilichukua miezi minane, wakati nyingine zote zilichukua wiki mbili.

"Macho, mwanangu," alisema Shangazi. "Picha nilikuwa sizioni tena, ikabidi nitafute mtu anayejua Kijapani."

Akaweka miwani sawa puani, akapokea boksi lake. "Hivi nitavifanya mwenyewe."