Njiwa wa Mzee Shekue

Tovuti ya wafuga njiwa wa mji ule yote iliishi ndani ya ukurasa mmoja. Miaka tisa nyuma, Mzee Shekue aliandika humo kwamba njiwa wake mweupe, mwenye doa jeusi shingoni, kapotea. Tangu hapo kila aliyeingia alianza kwa kumuuliza, "Karudi?" halafu akashusha shida yake palepale chini: kuhara, mayai yasiyoanguliwa, banda linalovuja.

Tunu, aliyepewa kazi ya kuipanga upya, alihamisha kila swali mahali pake. Magonjwa yakapata chumba chao, mabanda chao. Kufika Ijumaa asubuhi, ukurasa wa zamani ulibaki na njiwa aliyepotea, na "Karudi?" elfu mbili zilizopangana chini yake. Akampigia simu mwenye njiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ule ukurasa wa njiwa wako, niufute?"

Mzee alikohoa kidogo. "Yule alirudi wiki ileile. Yuko hapa dirishani."

"Mbona hukusema?"

"Watu walishazoea kupita kuniuliza. Ningesema, nani angepita tena?"

Tunu alicheka mpaka akaiweka simu mezani. Kisha akaupandisha ukurasa ule juu ya vyumba vyote, ukawa mlango, na tovuti ikafunguliwa.

Haikupita saa, mgeni wa kwanza akaandika: "Karudi?"

Chini yake pakatokea maneno madogo ya kijivu: Mzee Shekue anaandika. Yakafutika. Yakatokea tena.