Kijiwe cha Fermini

Mnyororo wa bandari ulianza kuinuka kutoka kilindini kabla ya wakati wake, na Anselma akawakimbilia askari waliokuwa wakiuvuta. Kila jioni askari wa ngome waliuvuta kwa gurudumu ili kuufunga mlango wa bahari, lakini leo matanga ya maadui yalikuwa yameonekana mapema. Binti yake Lusia alikuwa bado nje na mtumbwi, akirudi na mapipa ya maji ya kunywa.

"Wanangu, nawaomba, mngojeeni Lusia!"

"Tumngojee hadi tuchinjwe, mama?" askari mmoja akauliza.

"Vuteni!" sajini alifoka kutoka juu ukutani.

Fermini, mwenye nguvu kuliko wote, akaliachia gurudumu. Wenzake hawakuweza kulisogeza.

"Kijiwe kimeingia kiatuni, afande."

"Sasa hivi, Fermini?"

"Kinachoma, afande. Nitavutaje na mguu mmoja?"

Akaketi, akafungua kamba polepole kama anayemvua viatu mtoto aliyelala. Akakikung'uta kiatu. Hakikudondoka kitu. Akatia mkono ndani, akapapasa, akakung'uta tena.

Sajini akaanza kushuka ngazi. Mnyororo ulionekana kama kivuli, shubiri chache tu chini ya maji, na mtumbwi wa Lusia ulikuwa ukiujia, kasia likipanda na kushuka.